Maneno ya Nyumba Namba Ishirini na Saba

Yule mama alifika ofisini Jumanne saa tatu asubuhi, amevaa gauni lake la kutokea, mkononi ameshika mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nne. Alikuja kuomba radhi kwa maneno ambayo hakuwahi kuyatamka maishani mwake, lakini hilo mwenyewe hakulijua. Aliyelijua ni mtu mmoja tu mle ofisini, na ndiye aliyeitwa kumsikiliza.

Mtu huyo alikuwa mbunifu wa mandhari. Kazi yake ilikuwa kupanga ardhi za ufukweni: miti isimame wapi, maji yapite wapi, watu wakae wapi, ili bahari na nyumba za watu zisigombane. Wenzake walimwita Mtaalamu. Jina lilianza kwa utani, kwa sababu hakuweza kupita kwenye kichaka bila kukueleza mizizi yake inashuka mita ngapi, lakini tangu abuni ile bustani mpya ya mtaa wa chini, utani ulikuwa umegeuka heshima. Picha ya bustani ilitundikwa mapokezi ndani ya fremu, na yule mama alikuwa ameketi chini yake kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe uliyekuja kunihoji?"

Mtaalamu alimtazama. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, kidole gumba cha mkono wa kulia kimeota sugu pale mkasi unapokaa. Hakuwa amemwona hata siku moja.

"Nyumba namba ngapi, mama?"

"Ishirini na saba."

Akavuta kiti, akakaa, akajifanya anatafuta kalamu.

"Nimekuja kufuta maneno yangu," mama alisema. "Sijui kama huwa mnafuta. Yale mliyoandika kwenye kibao cha bustani, kwamba lile bonde ni la mbu tu, lifukiwe tupate pa kukaa. Tangu maji yalipotuingilia ndani, majirani wanasema mimi ndiye niliyeyaleta. Sibishi. Kama nilisema, nilisema. Ila naomba muandike kwamba nimebadili mawazo, na kwamba nawaomba radhi wote."

"Mama, si lazima..."

"Ngoja nimalize, maana nisipomaliza nitasahau." Akacheka kidogo, kicheko cha aibu. "Ndiyo hivyo, siku hizi nasahau. Sura yako siikumbuki kabisa, unisamehe. Kuja kwako sikukumbuki, maswali sikumbuki, hata hilo bonde sikumbuki kulisema vibaya. Mwanzoni nilikataa katakata. Binti yangu akaja hapa, akaonyeshwa fomu. Imeandikwa tarehe, imeandikwa na saa, imeandikwa kwamba nilijibu huku nashona. Basi nikasema, huenda nilikuwa na nguo ya mtu ya haraka, nikajibu ilimradi uondoke. Ilikuwa hivyo?"

Hapo ndipo Mtaalamu alipopewa nafasi. Mlango ulikuwa wazi, mama mwenyewe ameushikilia, kilichobaki ni kupita tu. Akamwona mpokezi akisikiliza kwa sikio moja, akaiona picha ukutani, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, laini na yenye adabu:

"Usijali, mama. Hatukuongea sana. Ulikuwa na kazi nyingi siku ile."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole. Uso ulimshuka kama mtu aliyekuwa akingoja majibu ya daktari na sasa ameyapata.

"Basi ni kweli," alisema. Akasimama, akashukuru, akaondoka na mfuko wake.

Ilikuwa hivi. Miaka miwili nyuma ofisi ilimpa Mtaalamu orodha ya nyumba arobaini za mtaa ule, na fomu arobaini zenye maswali kumi na mawili kila moja. Azunguke, awaulize wakazi wanalitumiaje bonde, maji hupita wapi, wanataka nini, ndipo akae achore. Alikwenda Ijumaa. Nyumba kumi na moja za kwanza ziko juu, kando ya lami, na watu wake walimpokea kwa vinywaji na kumjibu vizuri. Kuanzia ya kumi na mbili mtaa unateremka kuelekea bonde lenyewe, na siku ile kichochoro kilikuwa tope tupu. Mtaalamu alikuwa amevaa viatu vya ngozi alivyovinunua wiki hiyo hiyo. Alisimama ukingoni, akaweka mguu mmoja, akauvuta. Akajiambia atarudi Jumamosi.

Jumamosi hakurudi. Jumapili mchana, kesho yake ripoti ikiwa inatakiwa, alizitandaza fomu ishirini na tisa kwenye meza ya jikoni. Mke wake alikuwa anapiga pasi. Orodha ya ofisi ilikuwa na namba ya nyumba, umri wa mwenye nyumba na kazi yake, na kwa Mtaalamu hiyo ikawa inatosha. Huyu mvuvi, atataka kivuli cha kupumzikia. Huyu ana watoto, atataka pa kuchezea. Alipofika ishirini na saba akasoma kwa sauti: "Mwanamke, mzee, fundi cherehani." Mke wake akaweka pasi chini, akakunja mgongo, akaigiza kibibi kwa sauti ya kukwaruza: "Lile shimo ni la mbu tu, wanangu. Lifukieni tupate pa kukaa!" Wakacheka mpaka machozi. Mtaalamu akayaandika vilevile, na kwa kunogesha akaongeza kwamba mhojiwa alijibu huku anashona.

Kumbe maneno yale yalikuwa matamu kupita kiasi. Mkurugenzi wa ofisi aliyapenda, akayaweka kwenye jalada la ripoti, kisha kwenye kibao kikubwa mlangoni mwa bustani, chini yake pameandikwa: Mkazi, nyumba namba 27. Bonde likafukiwa kwa kifusi, likamwagiwa udongo mwekundu, likapandwa nyasi za zulia na minazi ya mapambo, yakawekwa mabenchi kumi na manne. Bomba kubwa likalazwa chini kupeleka maji ya mvua baharini.

Swali la tisa kwenye fomu lilikuwa: bamvua likikutana na mvua, maji hukaa wapi? Bamvua ni yale maji makubwa yanayojaa kila nusu mwezi, na mtu yeyote wa mtaa wa chini angemjibu hata usingizini kwamba hukaa bondeni, saa tatu au nne, mpaka bahari inapokupwa yakatoka nayo. Matete na majani ya chumvi ya mle ndani yalikuwa yakiyashika na kuyatuliza. Katika fomu ishirini na tisa Mtaalamu aliandika kwamba hayakai popote. Hata lile tope la kichochoroni lilikuwa limemjibu siku ile, ila yeye alikuwa akiangalia viatu.

Bamvua la kwanza kukutana na mvua kubwa lilikuja miezi minane baada ya bustani kufunguliwa. Bomba lililolazwa kutoa maji likayaingiza. Nyumba kumi na saba zililowa hadi magotini. Ofisi ikaandika kwamba mvua ile haikuwa ya kawaida, na Mtaalamu ndiye aliyeandika.

Haya yote alikuwa ameishi nayo. Mtu hujizoesha. Mvua kweli ilikuwa kubwa, alijiambia, hata angewahoji wote huenda angechora vilevile. Lakini lile la Jumanne lilimshinda. Alirudi nyumbani mapema, akamkuta mke wake uani akianua nguo, akamweleza lote akiwa bado amesimama.

Mke wake alisikiliza hadi mwisho, shati la mumewe limening'inia mkononi.

"Anadhani amesahau?" aliuliza.

"Anadhani anapoteza akili."

"Na wewe ukamwambia nini?"

Mtaalamu akamwambia alichomwambia. Mke wake akalitia shati ndani ya beseni, akakaa kwenye kizingiti.

"Ile sauti niliitoa mimi," alisema. Kisha: "Tulicheka."

Akalitoa shati kwenye beseni, akaanza kulikunja upya.

Alhamisi Mtaalamu alijipa moyo kwa njia ya mkato. Alibeba bisibisi na spana, akaenda bustanini saa ambayo watu wengi wapo kazini, akakifungua kile kibao, akakibeba kwapani. Akilini mwake alikuwa ameshapanga: atampelekea mama habari kwamba maneno yamefutwa kama alivyoomba, mama atafurahi, majirani watasahau, na kila mtu atalala. Nyasi za zulia zilikuwa zimekufa zote kwa chumvi. Udongo umepasukapasuka, mabenchi yamesimama kwenye uwanja wa kahawia kama viti vya ukumbi ulioungua.

Safari hii alishuka kichochoroni.

Nyumba namba ishirini na saba ilikuwa ya vyumba viwili na baraza ndogo. Barazani palikuwa na cherehani mbili zilizoinuliwa juu ya matofali, zimefunikwa kwa shuka, shuka lenyewe limeshika vumbi. Ukutani mstari wa maji ulionekana wazi, chini rangi imebabuka, juu imebaki. Aliyefungua mlango hakuwa mama, bali mwanamke wa umri kama wake, mwenye chaki kwenye ukingo wa mkono wa gauni. Ni binti yule aliyefuata fomu ofisini, mwalimu wa shule ya msingi.

"Ah, karibu!" alisema alipokiona kibao. "Mama, ni yule kaka wa ofisini. Afadhali umekuja. Kaa hapa, kaa."

Akakaa. Ndipo alipoona karatasi. Zilibandikwa kila mahali, kwa mwandiko wa kiwalimu, herufi kubwa za duara. Juu ya jiko: ZIMA. Mlangoni: FUNGUO ZIKO SHINGONI. Juu ya chupa ya dawa: YA ASUBUHI TAYARI. Mezani palikuwa na daftari la shule limefunguliwa, na mama alikuwa akiandika humo, taratibu, akitoa ulimi kidogo kama mtoto.

"Anaandika kila anayekuja na kila anachosema," Mwalimu alieleza kwa sauti ya chini, ile ambayo watu huitumia mbele ya mgonjwa. "Ni ushauri wangu. Maana tangu lile suala la bonde ndipo tulipojua. Mtu kusahau jina ni kawaida, hata mimi nasahau. Lakini mgeni aje, akuhoji maswali kumi na mawili, ujibu yote, usikumbuke hata kiatu chake? Tulishtuka. Nimemwambia aache kushona za watu, asije akakata kitambaa cha mtu vibaya. Mkasi mkubwa nimeuchukua, uko kwangu. Mwisho wa mwezi namhamishia kwangu kabisa. Hataki. Hebu mwambie wewe, kaka. Wewe ni shahidi. Mwambie kwamba aliongea na wewe ana kwa ana na leo hakumbuki, labda akisikia kwa mtu wa nje atakubali."

Mama hakuinua kichwa. "Jina lako nani, mwanangu, niandike?" aliuliza. "Na mara ya kwanza ulikuja lini?"

Mtaalamu akafungua mdomo. Alisema kibao kimeondolewa. Alisema pole kwa maji. Akasema ana kikao, akainuka, akaaga, na Mwalimu akamsindikiza hadi barazani akimshukuru kwa moyo wake wa huruma. Akatoka. Akafika karibu na lami. Kibao kilikuwa bado kwapani, kinamchoma mbavu, na miguu ikagoma. Haikuwa ujasiri, baadaye alipojaribu kulieleza alisema alijisikia kama mtu anayetaka kutapika, ambaye hawezi kuendelea na safari mpaka atapike.

Akarudi. Safari hii hakukaa.

"Mama, hukusahau," alisema. "Sikuja."

Mwalimu akamwangalia. "Hukuja wapi?"

"Hapa. Siku ile. Sikumhoji mama. Sikumhoji mtu yeyote wa huku chini. Niliogopa tope. Fomu niliijaza mwenyewe, nyumbani kwangu. Yale maneno ni ya kutunga. Na Jumanne alipokuja kuniuliza, nikamdanganya tena."

Mama aliweka kalamu chini, akainyoosha sambamba na daftari.

"Hukuja," alisema.

"Sikuja, mama."

"Siku zote hizo. Sikukuona kwa sababu hukuwepo."

"Ndiyo."

Alidhani atamlaani. Alitamani amlaani. Lakini mama aliinuka, akaenda jikoni, na wote wawili wakasikia karatasi ikichanwa ukutani. Kisha nyingine. Alizunguka chumba kizima, akazibandua moja baada ya moja bila haraka, ya jiko, ya mlango, ya dawa, akazipanga mkononi kama mtu anayekusanya vitambaa vya kujazia mto. Alipomaliza akamgeukia binti yake.

"Mkasi wangu."

Mwalimu alikuwa ameshika mdomo kwa viganja viwili. "Mama, nisamehe, mimi nilidhani..."

"Wewe ulidhani. Mimi niliamini. Miezi mitatu nalala najiuliza kesho nitaamka nikiwa nani. Mkasi wangu ufike hapa leo."

Ndipo akamtazama Mtaalamu, na macho yale hayakuwa na machozi hata chembe.

"Fomu zile unazo?"

Alikuwa nazo kwenye mkoba. Tangu Jumanne alikuwa akitembea nazo, hata hajui kwa nini.

"Tutaanza na namba kumi na mbili," mama alisema, akavaa kandambili.

Yaliyofuata Mtaalamu aliyakumbuka miaka yote, na kila alipoyakumbuka masikio yalimwaka moto. Kwenye kila mlango mama alibisha hodi, akasalimu, akasema: "Huyu ana neno." Kisha akarudi nyuma hatua mbili, mikono kifuani, na Mtaalamu akasema neno lake. Kwamba hakuja. Kwamba aliandika uongo. Kwamba mama wa ishirini na saba hana kosa. Na kila mtu, pasipo kupatana, aliuliza swali lilelile: mimi uliniandikia nini? Ikabidi asome.

Namba kumi na mbili alikuwa msichana aliyebeba mtoto mchanga begani. "Nilisemaje mimi?"

"Ulisema... watoto wako wanne watapata pa kuchezea."

"Wanne! Ninaye huyu mmoja na bado sijapumua."

Kufikia namba kumi na tisa walikuwa wanafuatwa na kundi la watu. Habari mtaani haihitaji kutangazwa. Wengine walimtukana, na hayo yalikuwa mepesi. Mzee mmoja alimpa pole, akamwambia kazi za ofisi zina mambo mengi, na hiyo ilimkata zaidi ya tusi.

Namba ishirini na nane aliishi fundi redio, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta na yule mama, na tangu maji yaingie alikuwa amemkatia salamu. Aliisikiliza fomu yake, isemayo kwamba maji hayajawahi kusumbua. Akaingia ndani, akatoka na redio kubwa ya zamani, akaifungua mgongo. Matope yaliyokauka yalimwagika sakafuni.

"Hii ni ya mteja," alisema. "Ziko ishirini na mbili. Mimi hapa nimekaa miaka kumi na tisa. Ungebisha hodi, ningekueleza kwa dakika mbili. Dakika mbili tu, bwana." Akasimama akiitazama redio. Kisha akageuka upande wa mama. "Mama, mimi nilikukatia salamu."

"Ulikata."

"Naomba unisamehe."

"Nitaangalia," mama alijibu, akaenda mlango unaofuata.

Namba thelathini na moja mama alisimama tu, hakubisha. Mlango ulikuwa wa mabati, una kufuli lenye kutu.

"Soma," alisema.

"Hapa anaishi nani?" Mtaalamu aliuliza.

"Haishi mtu. Ni stoo ya mbao, mwaka wa saba huu. Soma, tusikie stoo ilisemaje."

Akasoma. Stoo ilisema inapendelea mabenchi yenye kivuli, ili ipumzike jioni baada ya kazi. Mtu mmoja akaangua kicheko, wa pili akampokea, na punde mtaa mzima ulikuwa unacheka, watu wameshika mbavu, mwingine ameegemea mabati ya stoo anaipa hongera. Mtaalamu alisimama katikati, akatamani ardhi ipasuke immeze. Alijaribu hata kutabasamu. Mama peke yake hakucheka.

Ijumaa asubuhi, kabla hata hajaweka mkoba, alikwenda kwa Mkurugenzi na barua ya kukiri yote. Alikuwa mwanamke mzito wa maneno, aliyebakiza miaka miwili astaafu, na ile bustani aliihesabu kuwa kazi ya kumfanya akumbukwe. Alisoma barua ya Mtaalamu mara mbili, akavua miwani.

"Yale maneno ya yule bibi," alisema, "unajua nimeyasoma mbele za watu mara ngapi?"

"Sijui, Mkurugenzi."

"Mara sita. Nchi tatu. Na kila nikifika pale, sauti inanitetemeka." Akacheka kwa uchungu, akaigeuza barua kifudifudi. "Watu wakaniuliza, mnawapataje wananchi wakawa wazi namna hiyo? Nikawajibu, ni kuwasikiliza tu. Toka, Mtaalamu. Toka kabla sijasema neno nitakalojutia."

Ile picha iliondolewa mapokezi siku hiyo hiyo, ukutani pakabaki mstatili mweupe. Chama cha wabunifu kilimfungia asichore kwa mwaka mzima. Ofisi haikumfukuza, ilimfanyia jambo gumu zaidi, ilimbakiza. Bustani ile ilikabidhiwa kwa msichana aliyekuwa msaidizi wake, aliyeitwa Vipimo kwa kupenda kupima kila kitu mara tatu, na Mtaalamu akawekwa chini yake. Jina la Mtaalamu nalo watu waliacha kulitumia. Hakuna aliyelikataza. Lilianza tu kuwakwama kooni.

Jumamosi ile mke wake alivaa, akaenda mtaa wa chini peke yake. Alikaa huko hadi alasiri. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Amekufukuza?" mumewe aliuliza.

"Amenipokea vizuri. Amenikalisha, akaniambia nimwigizie ile sauti, asikie alivyokuwa anaongea." Akajifuta uso kwa mtandio. "Heri angenifukuza."

Vipimo aliingia mtaani na mabuti ya mpira. Alichukua siku tisa kwa nyumba thelathini na tisa, maana stoo aliiruka. Majibu aliyoleta yalijaa madaftari manne. Watu walimweleza bonde likoje kila mwezi wa mwaka, wakamwonyesha hadi mti ambao kaa wakianza kuupanda ujue bamvua kubwa linakuja. Na nyumba tisa, kumbe, kweli zilitaka mabenchi. Mtaalamu alipozipiga chapa fomu zile aliyaona majibu hayo, akakaa muda mrefu ameyakodolea macho. Kungekuwa na bustani nzuri mle ndani tangu mwanzo, yenye mabenchi na bonde vyote viwili. Ilihitaji mtu wa kuuliza tu.

Mchoro mpya ulikuwa rahisi. Kifusi kitolewe, bonde lirudishwe na kuongezwa kina katikati, bomba liwekewe mlango unaofunguka upande mmoja tu ili bahari isipande, kandokando ipite njia ya mbao iliyoinuliwa, na mabenchi machache juu yake. Matete na majani ya chumvi hayakununuliwa. Yalichimbwa mabaki yaliyosalia nyuma ya nyumba za watu, yakagawanywa miche. Mtaalamu ndiye aliyeyagawa, kitaluni, akiwa amechuchumaa, wiki baada ya wiki. Mizizi yake hushuka nusu mita. Hakumweleza mtu.

Siku ya kupanda, mtaa wote ulijitokeza. Naye alikuja, kwa sababu alipangiwa. Alipanda safu yake kimya, kuanzia ukingoni hadi katikati, tope limemfika mapajani. Fundi redio alikuwa safu ya pili, hakumsemesha wala hakumkwepa. Mwisho wa safu alimkuta yule mama amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakata kamba za kufungia vibunda vya miche kwa mkasi mkubwa mweusi. Cherehani zake zilikuwa zimerudi kazini. Mwalimu mwenyewe alikuwa amevaa gauni jipya.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, bwana."

Akangoja labda liongezwe neno. Mama akamkabidhi kibunda cha miche, vizuri tu, bila kukitupa.

"Hizi ziende upande ule," alisema. "Muulize yule binti mwenye mabuti, yeye ndiye anayejua."

Bamvua na mvua vilikutana tena mwezi wa tano uliofuata. Mtaalamu alikuwa kitaluni simu ilipopigwa mapokezi. Aliwasikia wenzake wakishangilia kupitia dirishani, bonde limejaa pomoni na hakuna nyumba iliyolowa. Hakuna aliyetoka kumwambia. Aliweka chepeo chini, akachukua mwavuli, akatembea mpaka kwenye lami ya juu, ambapo mtaa wa chini unaonekana wote. Maji yalikuwa yametanda kutoka matete hadi matete, kijivu, yametulia. Watu walikuwa wamejipanga kwenye njia ya mbao kwa miavuli yao, na Vipimo katikati yao, na sauti zao zilimfikia bila maneno. Alisimama pale robo saa hivi, mvua inampiga miguuni. Kisha akageuka, akarudi kitaluni kumalizia miche.